Mafuta ya nyonyo kwa ngozi kavu, na swali la chupa iitwayo "mbono"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua sokoni hapa Singida chupa ya mafuta mazito meusi ambayo muuzaji aliyaita mafuta ya mbono, akanieleza kwamba yanaondoa magaga, madoa meusi ya usoni na michirizi ya tumbo. Marehemu bibi yangu alikuwa akitupaka mafuta ya namna hiyo tulipokuwa wadogo. Hata hivyo, nasikia mbegu zake ni sumu, na mafuta ya nyonyo ya dukani ni meupe. Je, ni kitu kimoja, na ni salama? Nina mimba ya miezi mitano.

JIBU: Marahaba. Nitaanza na jina, kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote ulizozitaja. Neno mbono hutumika kwa mimea miwili. Wa kwanza ni mbarika, ambao mbegu zake ndizo nyonyo na ambao wanasayansi huuita Ricinus communis. Wa pili ni mbono kaburi, yaani Jatropha curcas, unaopandwa kuwa ua wa shamba. Mimea yote miwili ni ya ukoo mmoja na muhogo, lakini mafuta yake hayafanani: ya mbono kaburi yana esta za foboli, kemikali zinazowasha ngozi na ambazo katika majaribio ya wanyama zimechochea uvimbe kukua, wala kuyachemsha nyumbani hakuziondoi. Mwombe muuzaji akuonyeshe mbegu alizokamua. Nyonyo inang'aa, ina madoadoa ya kahawia na umbo la kupe aliyeshiba damu (Warumi waliouita mmea huu ricinus walikuwa wakimtaja kupe huyo huyo), ilhali mbegu ya mbono kaburi ni nyeusi na haing'ai.

Kama muuzaji hana mbegu, liko jaribio jepesi. Tia kipimo kimoja cha mafuta na vipimo vitatu vya spiriti ya asilimia 95 katika chupa safi ya kioo, mbali na moto, kisha utikise. Mafuta halisi ya nyonyo huyeyuka na mchanganyiko ukabaki angavu. Mafuta mengine ya mbegu, yakiwamo ya mbono kaburi na alizeti, hugeuza mchanganyiko kuwa na ukungu na kisha hujitenga. Spiriti ya kusafishia mikono haifai kwa jaribio hili, kwa kuwa ina maji mengi.

Sababu ya tofauti hiyo ndiyo sababu ya karibu kila sifa ya mafuta haya. Asilimia 85 hadi 90 ya asidi za mafuta zilizomo ni asidi moja tu, ya risinoleiki, ambayo molekuli zake hushikana zaidi kuliko za mafuta ya nazi au alizeti. Ndiyo maana mafuta ya nyonyo ni mazito, yananata, na hukawia juu ya ngozi. Yakipakwa, hufanya utando unaozuia maji ya ngozi yasitoke, na hapo magaga na ukavu wa miguu hupata nafuu ya kweli. Kazi yake ni kufunga maji yaliyokwisha kuwamo. Hayaongezi maji yoyote. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa utapata mng'ao tu, kwa hiyo oga kwanza, jifute kidogo, upake ngozi ingali na unyevu. Changanya kijiko kimoja cha nyonyo na vitatu vya mafuta ya nazi ili yasambae. Kwa visigino pekee unaweza kuyapaka bila kuchanganya, ukavaa soksi usiku.

Kuhusu madoa meusi na michirizi, muuzaji amesema zaidi ya kinachojulikana. Michirizi ni nyuzi zilizokatika katika tabaka la ndani la ngozi, ambako utando wa juu haufiki. Madoa ya usoni wakati wa mimba huchochewa na homoni pamoja na jua, na kinga ya jua itakusaidia kuliko mafuta yoyote mazito. Na kama una chunusi, usipake nyonyo usoni kabisa.

Weusi wa mafuta yako, ikiwa ni ya nyonyo, unatokana na mbegu kukaangwa. Kienyeji mbegu hukaangwa, hutwangwa, huchemshwa kwa maji, kisha mafuta yanayoelea huenguliwa na kupashwa moto tena mpaka maji yaishe. Meupe, ambayo kwa kweli ni ya manjano hafifu, hukamuliwa bila kukaanga na kuchujwa. Sumu uliyoisikia ni risini, na sifa yake mbaya ni ya haki, kwani ndiyo iliyomuua mwandishi Georgi Markov jijini London mwaka 1978. Lakini risini ni protini: haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu, na moto wa kuchemsha huiharibu. Bibi yako na wenzake, kwa kuchemsha kwao, walikuwa wakifanya jambo sahihi. Ninachokataa ni kukamua mbegu mbichi nyumbani na kutumia mafuta yenye machicha, au kuacha mashudu mahali ambapo watoto na mbuzi wanafika.

Matumizi haya ni ya kale sana. Maandishi ya tiba ya Misri ya mwaka 1550 hivi Kabla ya Kristo yanautaja mmea huu, na Wakikuyu walikuwa wakichanganya mafuta yake na udongo mwekundu kwa kujipaka mwilini.

Kwa hali yako, kupaka miguuni hakuna tatizo, ila usiyanywe, hata ukishauriwa kwamba yatarahisisha uchungu. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba asidi ya risinoleiki huamsha misuli ya utumbo na ya mfuko wa uzazi kupitia kipokezi kimoja, yaani sehemu ya seli inayopokea ishara, kiitwacho EP3. Ndiyo maana anayeyanywa huharisha na pia huweza kupata mikazo ya tumbo. Kabla ya kuyatumia kwa wingi, paka tone moja ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa siku saba, kwa sababu wako wanaopata mzio. Chupa uliyo nayo iweke kando mpaka umalize jaribio la spiriti.