Kikopo cha kila asubuhi

SWALI: Shikamoo daktari. Nabanika migebuka hapa Katonga, Kigoma, mwaka wa 14 sasa. Kila alfajiri nakohoa hadi nijaze kikopo makohozi. Nimepimwa TB mara 2, sina. Sigara sijawahi kuvuta. Ni nini?

JIBU: Marahaba, mama. Bibi yangu naye alibanika samaki. Macho mekundu yale nayajua.

Njia zako za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia ute na vumbi kupandisha kooni. Moshi wa kuni, sawa na wa sigara, huviua, na mahali pake huota utando bapa usiofagia chochote. Huku tezi za ute zinavimba na kuzidi kumwaga. Kuta nazo hunenepa, tundu linakuwa jembamba. Ute uliolala usiku kucha ndio huo wa kwenye kikopo.

Kikohozi hicho kikidumu miezi 3 kwa mwaka, miaka 2 mfululizo, tunakiita mkamba sugu. Acha kumeza vidonge vya dukani kila wiki! Omba kipimo cha kupuliza pumzi hospitalini. Kichanja kitoe nje ya banda, nawe usimame upepo unakotoka. Ukiona damu, rudi upimwe TB tena, siku hiyohiyo.