Mwalimu wa sanaa na mkutano wa mbali: niende?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Sanaa za Ufundi katika sekondari moja mkoani Morogoro, na somo hili shuleni kwetu ninalo mimi peke yangu. Wenzangu wa sayansi na hisabati wanaitwa semina mara kwa mara, sisi wa sanaa hatukumbukwi. Sasa nimeona tangazo la mkutano wa kimataifa wa walimu wa sanaa. Mkuu wa shule anasema fungu hakuna, na kwamba kuchora hakuhitaji safari. Nina akiba yangu kidogo. Niitoe?
Mwalimu wa Sanaa, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akiba isubiri kwanza. Kwenda utakwenda, ila ukiwa na kitu cha kuwaonyesha wenzako.

Huo upweke naujua. Wa hisabati akikwama anamgeukia wa meza ya pili. Wewe mchoro wa kikombe ukiwapindia watoto darasa zima, unamuuliza nani? Hitaji hilo ni la siku nyingi. Mwaka 1951 UNESCO iliwakutanisha walimu na wataalamu wa sanaa mjini Bristol, Uingereza, na mazungumzo yale yakazaa InSEA, chama cha kimataifa cha elimu kwa njia ya sanaa, kilichoundwa rasmi mwaka 1954. Mpaka leo kinaitisha makongamano.

Lakini ukifika huko, usijifungie kwenye ukumbi mkubwa. Hotuba huandikwa. Waraka wa UNESCO wa elimu ya utamaduni na sanaa uliopitishwa Abu Dhabi Februari 2024 nimeusoma kwenye simu, nyumbani kwangu. Kisichosomeka kwenye simu ni warsha.

Mimi nilijifunza kuchapa picha kwa tyubu kuukuu za baiskeli kwenye chumba cha warsha kilichokuwa na watu wachache, wakati wengi wako ukumbini wanasikiliza ufunguzi. Unakata umbo kwa mkasi, unalibandika juu ya boksi gumu kwa gundi ya kuzibia pancha, unapaka rangi kwa kipande cha sponji ya godoro, unalaza karatasi juu yake, kisha unaisugua kwa mgongo wa kijiko. Maelezo hayo yapo hata vitabuni. Ila mwezeshaji alichukua tyubu yangu akaipindua, akanionyesha unga mweupe wa ndani, akasema bila kuufuta kwa kitambaa chenye sabuni gundi haitashika. Akanikorogea rangi ya unga kwenye uji mzito wa wanga ili isikauke kabla ya kuchapa. Hayo madogo mawili ndiyo yaliyoliwezesha darasa langu la wanafunzi 80 kuchapa picha bila kununua lino, ile mpira laini wa kuchonga picha za kuchapa, wala wino wa dukani. Tyubu fundi baiskeli alitupa bure.

Kwa hiyo peleka ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa mada yako, uwe mtoa mada. Mikutano hii hutangaza mwito wa ikisiri miezi mingi kabla, na ukurasa mmoja hutosha. Usihangaike kuandika nadharia. Kama wanafunzi wako wanafinyanga udongo wa Uluguru, andika hilo: unachimbwa wapi, mnauchujaje, vyungu vinapasuka kwa nini, mnavichomea nini. Mwalimu wa nchi nyingine anayenunua udongo ukiwa tayari kwenye mfuko atakuuliza maswali hadi muda uishe. Na aliyekubaliwa kutoa mada ana barua mkononi ya kuombea ufadhili au punguzo la ada, msikilizaji hana.

Kwa mkuu wa shule rudi na ombi jingine kabisa. Usimwombe fedha. Mwombe ruhusa, na kwenye barua hiyohiyo utaje siku utakayowafundisha wenzako ukirudi. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inafanyika humohumo shuleni kupitia jumuiya za ujifunzaji, walimu wakikaa pamoja kufundishana, na mtaala mpya umeweka somo la Sanaa na Michezo shule za msingi. Walimu wengi waliokabidhiwa somo hilo hawakuwahi kufundishwa kuchanganya rangi. Waalike wa shule za jirani. Mkuu akiona walimu wanakuja shuleni kwake kujifunza, safari ijayo hatauliza kuchora kunahitaji nini. Kama mkutano uko nje ya nchi, barua ya kibali ianze safari yake mapema, maana itapita halmashauri na kwingine.

Kwa mwaka huu ningekushauri uanze karibu. Panda treni ya SGR asubuhi, nenda Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, Dar es Salaam, ongea na wasanii wakiwa kazini, jioni urudi Morogoro. Bagamoyo kuna tamasha la TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya hapo. Wiki ya nne ya Mei ni Wiki ya Kimataifa ya Elimu ya Sanaa ya UNESCO. Itisha siku yako shuleni, hata wakija walimu watano. Ukishaendesha warsha yako, utajua cha kuandika kwenye ikisiri.

SWALI: Mwalimu, nimepata barua pepe inayonisifu kama «mtaalamu mashuhuri» na kunialika kutoa mada kwenye mkutano wa elimu ya sanaa, uhandisi na tiba. Ada nilipe ndani ya siku tatu. Nilipe?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usilipe. Mkutano unaoweka walimu wa sanaa na madaktari chumba kimoja, na kukukubali kabla hujaandika hata sentensi, unatafuta ada yako tu. Mkutano wa kweli huisoma kwanza ikisiri yako, huweza hata kuikataa, na majina ya wanaoisoma yanajulikana. Mtafute mmoja wao kwenye tovuti ya chuo anakofundisha, umwandikie kwa anwani iliyoko hapo, umuulize kama anaujua mkutano huo.