Gita Zetu Hazipatani

Swali: Mhariri, sisi ni vijana wanne wa Malindi tunaojifunza gita. Kila Jumamosi jioni hukutana barazani kupiga pamoja, lakini sauti zetu hazipatani. Tufanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, anzeni na nyuzi. Mmoja wenu auweke uzi wa tano, kuhesabu kuanzia ule mwembamba, kwenye sauti ya A, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na wengine waufuate huo, kwani gita zilizowekwa kila moja kivyake hugombana hata vidole vikiwa sahihi. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huzitia nyuzi kutu upesi. Zifuteni kwa kitambaa kikavu kila mmalizapo. Kisha mmoja ashike mapigo kwa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, za C, F na G, mwingine apite kwenye nyuzi nene, na anayetaka kupamba asubiri zamu yake.