Jibu: Soya haina vinundu ingawa mbegu nilipaka raizobia

Habari mkuu. Yaani mbegu ulipaka raizobia, wale bakteria wanaoipa soya nitrojeni, soya ina wiki sita na imekolea kijani, ila ukiing'oa, vinundu vya mizizini wanamoishi ni viwili vitatu. Kabla hujailaumu pakiti ya bakteria: uliweka mbolea ya nitrojeni, yurea au CAN, kiasi gani? Hukutaja.

Mimi yalinikuta hayohayo. Mzizi wenye njaa ya nitrojeni hutoa flavonoidi, kemikali za kuwaita bakteria. Hizo huiamsha protini NodD ndani ya bakteria, nayo inawasha jeni za nod, za kutengeneza ishara kwa mmea. Bakteria wakituma ishara yao, mmea nao unawasha jeni ya NIN, kinundu kinaanza. Naitreti, yaani nitrojeni itokanayo na mbolea hizo, ikijaa udongoni, mmea wenyewe unafunga mlango, hata bakteria wawe wazima vipi. Aliyeshiba hapigi hodi kwa jirani.

Halafu usivute, chimba. Vinundu hukatikia ardhini. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na wekundu wa nyama, hiyo ni leghemoglobini, protini nyekundu ya kinundu; kinafanya kazi. Cheupe huenda bado kichanga, cha kijani kimeshachoka.

Msimu ujao acha mistari miwili na TSP tu, mbolea ya fosfeti, bila nitrojeni, ulinganishe. Mistari hiyo ndiyo iliyonifumbua macho.