Mbwa Jike Apumzike Muda Gani Kabla ya Kuzaa Tena?

Watu wanaonunua majike kwangu hapa Arusha huuliza kwanza kuhusu chakula, kisha chanjo, na kabla ya kuondoka huuliza jambo lililowaleta hasa: jike akishazaa, anaweza kupandishwa tena lini? Mara nyingi muulizaji huwa ameshapiga hesabu yake kichwani, kwamba watoto sita au saba, mara mbili kwa mwaka, kwa bei ya German Shepherd ya sasa, ni ada ya shule na chenji inabaki. Ushauri wangu kwa mazingira yetu ni uzao mmoja kwa mwaka, na hata huo mmoja uruhusiwe na hali ya jike kabla ya kuruhusiwa na kalenda.

Nianze na kalenda, kwa sababu ndiyo inayopotosha wengi. Tunaambiwa kwamba mbwa huingia joto, yaani kipindi ambacho jike huwa tayari kupandwa, kila baada ya miezi sita au saba, na huo ni wastani tu. Basenji, mbwa mwenye asili ya misitu ya Kongo, kwa kawaida huingia joto mara moja kwa mwaka, wakati wapo German Shepherd wengi wanaoingia joto kila baada ya miezi minne au mitano. Kwa hiyo ushauri wa "ruka joto moja" au "mpandishe kila joto" hauna maana moja kwa majike wawili walio kwenye banda moja. Chukua jike aliyeingia joto mwanzoni mwa Januari akapandwa katika wiki ya pili. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, hivyo atazaa katikati ya Machi, na watoto wataachishwa ziwa mwanzoni mwa Mei wakiwa na wiki saba hivi. Ikiwa mzunguko wake ni wa miezi mitano, joto linalofuata litamkuta mwezi Juni, mwezi mmoja tu tangu aachane na watoto na wiki 12 hivi tangu azae. Mwenzake mwenye mzunguko wa miezi minane ataingia joto Septemba, akiwa na karibu miezi sita tangu azae. Ndiyo maana kila jike wangu ana ukurasa wake kwenye kaunta buku, na jambo la kwanza linaloandikwa humo ni tarehe ya kila joto, hata lile ambalo sina mpango wa kulitumia. Mtu asiyejua mzunguko wa jike wake hawezi kushauriwa vizuri na yeyote, awe mfugaji mwenzake au daktari.

Wiki hizo 12 zina uzito wake. Baada ya kuzaa, kuta za mfuko wa uzazi huwa na majeraha mahali ambapo kondo za nyuma zilishikamana, na jike hutoa uchafu ambao mwanzoni huwa na rangi ya kijani iliyokolea, kisha hugeuka mwekundu wa kahawia na kupungua taratibu kwa muda wa wiki tatu hadi sita. Uchafu ukikoma, wengi hudhani kazi imekwisha. Ndani, hata hivyo, kuta hizo bado zinajijenga upya, na kwa kawaida huchukua wiki 12 hivi, na kwa wengine zaidi, kurudi katika hali ya kawaida. Jike wa mzunguko mfupi anayepandwa joto linalofuata anabeba mimba kwenye kizazi ambacho pengine ndiyo kwanza kimepona.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kitaalamu, hivyo haifai kupuuzwa. Mbwa hutofautiana na ng'ombe au mbuzi kwa kuwa baada ya kila joto, awe amepata mimba au hakupata, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili. Kila mzunguko wa namna hiyo huufanya utando wa ndani wa kizazi uwe mnene, na jike anavyozidi kuzeeka, hali hiyo hufungua njia ya kizazi kujaa usaha, ugonjwa unaoweza kumuua. Kwa sababu hiyo, baadhi ya madaktari wa mifugo hushauri jike mwenye afya apandishwe joto mbili mfululizo akiwa kijana, kisha aondolewe kizazi mapema, badala ya kumrusharusha hadi uzeeni. Naikubali hoja hiyo kwa jike aliyerudisha mwili wake na ambaye joto zake ziko mbali. Ninachokikataa ni kuisikia ikinukuliwa nusu, na mtu anayetaka kuzalisha kila joto bila kikomo, huku ile sehemu ya kustaafu mapema ikiachwa njiani.

Mwili wa jike unasema zaidi ya daftari. Anaponyonyesha, mahitaji yake ya chakula hupanda hadi mara mbili au tatu ya kawaida, na hata zaidi akiwa na watoto wengi, na kilele chake ni wiki ya tatu na ya nne. Ugali na mchuzi wa dagaa, ambao ndio chakula cha mbwa wengi mitaani kwetu, hauwezi kubeba mzigo huo peke yake. Jike hujilipia tofauti kwa misuli yake mwenyewe. Watoto wakishaachishwa ziwa, mimi humpitishia viganja mbavuni asubuhi kabla hajala, nikibonyeza kidogo kana kwamba natafuta vishikizo chini ya nguo. Mbavu zinapaswa kuhisika bila kuonekana, na mifupa ya nyonga isiwe imechomoza. Kisha natazama fizi. Zikiwa na weupe badala ya rangi ya waridi, simpandishi hata kama manyoya yanang'aa, kwa sababu hapa kwetu magonjwa ya damu yanayoletwa na kupe ni ya kila msimu, na minyoo nayo hunyonya. Daktari ampime damu kwanza. Majike wengi pia hupukutika manyoya miezi michache baada ya kuzaa, jambo ambalo si ugonjwa, lakini nisingempandisha kabla manyoya hayajarudi.

Jike aliyepata homa ya maziwa wakati wa kunyonyesha, yaani aliyetetemeka na kukakamaa kwa upungufu wa kalsiamu, au aliyepasuliwa ili azae, namrusha joto linalofuata bila mjadala, na hapandishwi tena kabla daktari hajamkagua.

Kuhusu umri, simpandishi jike kabla ya miaka miwili, na baada ya sita simzalishi tena. Kanuni za leseni za England za mwaka 2018 zinamkataza mfugaji kumzalisha jike zaidi ya mara moja katika miezi 12 na zaidi ya mara sita maishani, nacho chama cha The Kennel Club cha Uingereza kwa kawaida hakisajili watoto wa uzao wa tano. Sisi hatubanwi na kanuni hizo, ila zinatoka katika nchi ambako chakula na matibabu ya mbwa si haba, na bado wakaona mara moja kwa mwaka inatosha.

Kurusha joto kunahitaji ukuta. Jike akae ndani ya banda linalofungika kwa wiki tatu nzima tangu damu ya kwanza, kwa kuwa siku hatari zaidi ni zile ambazo damu imepungua na mwenye mbwa ameanza kulegea. Madume wa mtaani huruka uzio, huchimba chini yake, na wengine hubeba uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Jike akipandwa kwa bahati mbaya, usikubali haraka ile sindano ya estrojeni ya "kusafisha", kwa sababu inaweza kusababisha usaha kwenye kizazi na kuharibu uboho unaotengeneza damu. Zungumza na daktari kuhusu njia nyingine. Na kama umeamua hatazaa tena, aondolewe kizazi takriban miezi mitatu baada ya joto, wakati mishipa ya kizazi imetulia na upasuaji ni mwepesi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya upasuaji wa dharura wa kizazi kilichojaa usaha.