Kuziba jino la mtoto bila mashine: maumivu yakoje?

Dada, umeuliza kama kuna namna ya kumziba jino mwanao wa miaka saba bila mashine, maana akisikia tu inavyolia anabana mdomo. Ipo. Mimi nimezibwa kwa mashine, binti yangu kwa mkono, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mashine yenyewe, ganzi ikishika vizuri, haiumi. Utasikia kelele, mtikisiko wa taya na yale maji ya baridi, basi. Balaa ni daktari mwenye foleni ndefu anayechoma sindano na kuanza kuchonga papo hapo. Nilifanyiwa hivyo kwenye gego la chini, maumivu yakapiga mpaka sikioni. Ganzi ya magego ya chini huchelewa, kwa hiyo kama mdomo bado haujawa mzito, inua mkono useme.

Kwa mkono hutumika kijiko kidogo cha chuma. Daktari anakwangua uozo, kisha anajaza saruji ya glasi ayonoma, ile inayotoa floraidi. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikilenga vijiji visivyo na umeme. Haiumi sana kwa sababu tabaka la juu la uozo limeshakufa, halina hisia, na kijiko kikigusa pagumu mkono wa daktari unajua. Mashine inakata laini na gumu, tena kwa joto na mtikisiko. Binti yangu hakuchomwa sindano kabisa. Vilikuwa vinatoka vipande vya kahawia vilivyolowa, vinafutwa kwenye pamba. Alikunja uso mara moja tu, kule chini, daktari akaishia hapo.

Ila inachukua muda, mtoto anachoka kuachama. Na tundu liwe wazi kiasi cha kijiko kupita. Kama anaamka usiku analia jino, au fizi imevimba, hapo kuziba tu hakutoshi.

Kuna pia jeli ya papaini (kimeng'enya kinachotoka kwenye papai) iliyotengenezwa Brazili, inalainisha uozo kabla ya kukwangua. (Tafadhali usimpake papai la sokoni!)

Akikataa hata kijiko, ulizia dawa ya floraidi yenye madini ya fedha. Inapakwa tu, uozo unasimama, ila panabaki peusi. Kwa gego la utoto ambalo litang'oka lenyewe, mimi nisingejali weusi.