Maswali ya Wasomaji: Nimemwona Punda Akipigwa, Nifanye Nini?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa rangi hapa Lamu. Hivi karibuni, karibu na gati, nilimwona kijana akimchapa punda kwa kipande cha bomba kwa sababu alikuwa amelala chini pamoja na mzigo wake wa saruji, na shogi iliposogea, kidonda kibichi kilionekana mgongoni. Tuliokuwapo tulikuwa wengi, lakini hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu alikuwa akirekodi kwa simu. Nilitamani kumnyang'anya lile bomba, ila niliogopa kugombana na mtu kwa ajili ya mali yake. Je, mtu aliyeshuhudia tu ana haki ya kuingilia, na aanzie wapi? – Msomaji, Lamu

JIBU: Ndugu yetu, ulifanya vyema kutolinyang'anya bomba. Ugomvi ungeanza, watu wangewagawanyikia ninyi wawili, na punda angebaki chini na mzigo wake. Hata hivyo, hofu yako kwamba unaingilia mali ya mtu haina msingi, kwa kuwa sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtesa mnyama eti kwa sababu ni wake. Kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita nguvu zake na kumfanyisha kazi ilhali ni mgonjwa au ana jeraha ni makosa, na mwenye mnyama anayeruhusu mambo hayo yatendeke naye anaweza kushtakiwa. Faini iliyomo ni ndogo mno kwa thamani ya fedha ya leo, jambo ambalo wabunge wangefaa kulitazama, lakini kifungo nacho kimo.

Hapo gatini, jambo la kwanza ni kumwondolea punda mzigo, na hilo hufanyika upesi zaidi kwa salamu kuliko kwa kelele. Mwambie kijana, "Asalaam aleikum, ndugu yangu, mnyama huyu amechoka; hebu tumshushie mifuko hii, nami nitakusaidia." Mara nyingi anayeshika fimbo si mwenye punda, bali ni kibarua anayelipwa kwa kila safari, na hasira yake ni ya mtu anayeona ujira wa siku ukilala chini pamoja na mnyama. Ukimpa msaada badala ya matusi mbele ya watu, unampa njia ya kuacha bila kuaibika. Akiwa amelewa, au ana panga, au anakugeukia wewe, usisogee. Waite watu wazima walio karibu na upige simu polisi kwa nambari 999 au 112. Usijaribu pia kumwinua punda peke yako, wala usisimame nyuma yake, kwa maana mnyama mwenye maumivu hurusha mateke hata kwa anayemsaidia. (Methali ya shukrani ya punda na mateke imemdhulumu sana mnyama huyu, wengi wanaopigwa teke huwa wamemgusa pale panapouma.)

Kidonda chini ya shogi ni jambo la kupewa uzito kuliko hata lile bomba. Kipigo ulichokiona kilikuwa cha muda mfupi, lakini kidonda cha namna hiyo huchimbika kwa siku nyingi, chini ya shogi ngumu isiyo na mto wa kutosha, na kila safari hukifungua upya. Punda wetu wengi hawafikii kilo 200, nao mfuko mmoja wa saruji una kilo 50. Mwenye kupakia miwili kwa pamoja anambebesha mnyama huyo nusu ya uzito wake au zaidi. Punda naye huficha maumivu. Atatembea hadi aanguke, na anapoanguka watu husema ni mkaidi. Mweleze mwenye punda kwamba kidonda huoshwa kwa maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, kwamba oili chafu ya injini haiponyi bali huunguza ngozi, na kwamba mnyama hapaswi kuvikwa shogi mpaka nyama imefunga. Hapo Lamu mna bahati ambayo miji mingi haina: kituo cha tiba ya punda cha shirika la The Donkey Sanctuary, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambako punda hutibiwa bila malipo. Ninashauri kwa dhati kwamba safari ya kwanza ya punda huyo iwe ya huko.

Ikiwa mwenye punda hasikii, au umemwona mnyama yuleyule katika hali ileile kwa mara nyingine, toa taarifa. Nenda kituo cha polisi na uhakikishe kwamba maelezo yako yameandikwa katika kitabu cha matukio na kwamba umepewa namba ya OB, kwa sababu lalamiko lisilo na namba husahauliwa zamu inapobadilika. Siku hiyohiyo mjulishe daktari wa mifugo wa kaunti, kwani Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka masuala ya udhibiti na ustawi wa wanyama mikononi mwa serikali za kaunti. Ripoti ya daktari aliyemkagua mnyama mapema, kabla kidonda hakijafichwa wala punda hajahamishwa, ina nguvu mahakamani kuliko simulizi za watu kumi. Unaweza vilevile kuliarifu shirika la kutetea wanyama la KSPCA, ambalo makao yake yako Nairobi na ambalo limeshughulikia kesi za aina hii kwa miaka mingi.

Andika ulichokiona ukiwa bado unakikumbuka: tarehe, saa, mahali, rangi ya punda na alama zake, mzigo aliobeba, alichopigiwa na mara ngapi, na ni nani mwingine aliyekuwapo. Andika ulichokiona kwa macho yako tu. Maneno kama "kila siku humpiga hivi", ikiwa hukuyashuhudia, ndiyo wakili atakayoyashika. Kuhusu yule aliyerekodi, mwombeni aihifadhi video nzima bila kuikata, na aipeleke kwa polisi na kwa daktari wa mifugo. Sikubaliani na desturi ya kuirusha mitandaoni kwanza. Kijana hutukanwa na watu wasiomjua, mwenye punda hupata habari mapema na kumficha mnyama, na wiki inayofuata watu wana video nyingine.

Mji wenu ni mdogo, nanyi mtaendelea kukutana msikitini na sokoni. Kwa hiyo si udhaifu kumtanguliza mzee wa mtaa au imamu kabla ya polisi, maadamu mnyama hayumo katika hatari ya kufa. Hadithi ya Mtume kuhusu yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula inajulikana na kila aliyepita chuo cha Kurani, na ikitolewa na mtu anayeheshimiwa inaweza kufika mahali ambapo hati ya polisi haifiki.

SWALI: Jirani yangu hapa Dodoma amemfunga mbwa kwa mnyororo mfupi juani, bila maji. Nikirusha chakula ukutani, je, nimemsaidia? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Umemsaidia kwa siku moja. Zungumza na jirani yako kwanza, kwa kuwa pengine anamwachia kazi hiyo mtoto au mlinzi. Asipobadilika, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa mifugo wa kata, ukitaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Usiruke ukuta kumfungua. Utakuwa umeingia kwa mtu bila idhini, na mbwa mwenye kiu na woga huuma. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

SWALI: Kuku wanaoning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda nao wanateswa, au ninajisumbua? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujisumbui. Kuku hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, hivyo anapogeuzwa matumbo humlemea na kupumua kunakuwa kazi, na miguu iliyofungwa kwa kamba huteguka anapopiga mabawa. Lakini sikushauri umfukuze dereva barabarani. Lipelekeni suala hili kwa uongozi wa soko na afisa mifugo anayekagua hapo, muombe wauzaji watumie matenga yenye nafasi ya kuku kukaa. Nawe ukinunua mmoja, mtie katika kikapu kinachopitisha hewa, au mbebe wima kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini.